Naomba 12, Wananiambia Kuna 9 na 15

Pa! Msishtuke, ni kapasita, kale kakopo ka kutunzia chaji kwenye saketi, kamepasuka. Mama watoto kauliza kutoka jikoni, "Baba, nini hicho?" nikamjibu ni popo kagonga dirisha. Sikudanganya kwa kupenda. Mtu mzima, fundi, mwenye mita mbili za kupimia umeme na bisibisi zisizohesabika, hawezi kumwambia mkewe gizani kwamba kashindwa na kipande cha bodi ya umeme kisichozidi kiberiti.

Umeme umeondoka saa ile ile yake. Na mimi safari hii nilijiandaa, ndicho kinachoniuma. Rauta ya hapa, ya intaneti, inakula volti 12. Pawa benki ya PD, ile inayotoa volti tofauti kwa makubaliano, ninayo, nimeinunua kwa kujinyima. Nikachukua bodi ya majaribio ya Taipu-C, ile inayoongea na chaja na kuiomba umeme. Naam, kuomba! Zamani ulichomeka, ukapewa. Siku hizi chaja haitoi hata nusu volti mpaka ione rezista, kale kazuia umeme, ya 5.1k upande wa pili, kama mwenye nyumba anayechungulia tunduni kabla ya kufungua. Ikiiona inatoa 5, ya kukaribisha mgeni. Kisha inataja vyote ilivyonavyo, mgeni anachagua kimoja, wenyeji wanaridhia, ndipo volti zipande. Posa nzima hiyo, bado ndafu tu.

Jana nikaiandikia bodi kwa nyaya nne kutoka kwenye laptopu: omba 12. Nikachomeka. Mita ikasoma 5.08. Nikachomoa, nikachomeka, 5.08. Nikaipuliza (msinicheke, wote mnapuliza). 5.08.

Nikaushuku waya. Ule wa kwanza una kichwa bapa cha zamani upande mmoja, hauna pa kupitishia mazungumzo, huo utatoa 5 mpaka kiama. Wa pili, wa mpwa wangu, ukatoa sifuri. Nimemrudishia, sikumwambia kitu.

Basi leo mchana nikaenda Kariakoo, na waya mpya nikanunua, ila nikaona nimuulize kabisa yule kijana aliyeniuzia pawa benki.

"Kijana, hii haitoi 12."

"Mzee wangu, hiyo wati 65, inawasha hadi laptopu."

"Sijakuomba laptopu. Nimekuomba 12."

Akaigeuza, akawasha tochi ya simu, akasoma maandishi ya mgongoni, yale waliyoandikiwa sisimizi. 5. 9. 15. 20.

"12 haimo, mzee."

"Nami nimeona haimo."

"Lakini si iko katikati ya 9 na 15?"

"Ndiyo."

"Sasa ikitoka 9 kwenda 15, si lazima ipite 12? Basi la Dodoma linafikaje Dodoma bila kupita Morogoro?"

Jamani, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu kasema kweli! Inapita, milisekunde chache hivi. Sasa rauta yangu iruke dirishani basi likiwa kwenye mwendo, pale Msamvu?

Nikajaribu kumweleza kwa upole kwamba mwaka 2012 hao wenye viwango vya PD walikuwa nayo 12 kwenye karatasi, 5, 12 na 20, baadaye wakaitoa wakaweka 9 na 15, na tangu hapo 12 ni hisani ya mtengenezaji, akitaka anaweka, asipotaka basi. Kumbe nimepaza sauti. Watu wakaanza kujaa. Mama wa vitenge akauliza nimeibiwa shilingi ngapi. Mwingine akashauri niirudishe nidai hela. Muuza kahawa akatua birika lake, akafikiri, akasema, "Mzee, chukua 9, tia betri mbili za tochi. Moja na nusu, moja na nusu, tatu. Tisa na tatu?"

"Kumi na mbili!" umati ukajibu.

Wakampigia makofi. Muuza kahawa! Mimi niliyesomea kazi hii nimesimama na bodi mkononi kama nauza dawa ya mende, anashangiliwa muuza kahawa, na hesabu yake imekaa sawa, haina hata pa kuishika. Nikanunua kahawa yake vilevile. Ningefanyaje?

Nimerudi nyumbani nikaamua: niombe 15, kisha nipitishe kwenye kishusha volti, kitoe 12. Akili hiyo. Nikaandika 15, nikachomoa nikachomeka upya maana bila hivyo bodi inashikilia ya zamani, nikaunga kishusha volti. Pa!

Kumbe bodi hii ina nafasi tatu. Ya kwanza ni 5 siku zote. Ya pili ndiyo niliyoandika 15. Ya tatu sikuigusa, imekuja na 20 tangu kiwandani, na hiyo ndiyo inayotazamwa kwanza! Pawa benki imesema 20 ninayo, bodi ikasema lete, na kapasita ya kishusha volti changu imeandikwa 16, ndio mwisho wa volti inazovumilia. Nani anaanza kuhesabu kutoka tatu? Nani? Kupima kwanza kwa mita, ambako nawahimiza vijana kila siku, leo nilisahau, mniache.

Najifariji na wakubwa. Raspberry Pi 4, kile kikompyuta cha bodi moja, ya mwaka 2019 ilitoka na rezista moja kwa miguu miwili ya tundu lake la Taipu-C, inayotakiwa kila mmoja na yake, waya zenye chipu ndani zikaidhania ni spika za masikioni, zikainyima umeme. Wale wana maabara. Mimi nina mshumaa.

Na hizo herufi za mgongoni, hivi nani huzisoma? Mara ya mwisho kuona herufi ndogo hivyo ilikuwa kwenye karatasi ya mkopo wa pikipiki, ile niliyomdhamini kijana wa mtaa wa nyuma. Alisema kila Jumamosi ataleta hesabu. Jumamosi ya kwanza kaja. Ya pili kaleta nusu na embe tatu. Tangu hapo nausikia tu mlio wa bomba lake lililotoboka, unapita... si ndio ule? Ndio ule! We kijana! We! Simama hapo hapo! Mama watoto, kandambili zangu ziko wapi?