Delirium ya uwanjani, delirium ya wodini

Huku Uingereza neno delirium lina kazi mbili. Mtangazaji wa mpira hulitumia goli la dakika za lala salama likiingia na mashabiki wakapagawa. Muuguzi naye huliandika kwenye faili la bibi ambaye tangu jana hajui yuko wapi: kwake ni ugonjwa wa akili kuchanganyikiwa ghafla. Asili yake ni Kilatini: delirare, plau kutoka nje ya mstari wake shambani.

Ile maana ya shangwe ndiyo inayotuponza, kwa sababu watu husubiri waone fujo. Anayepiga kelele na kung'oa dripu huonekana upesi. Anayesinzia kutwa, hataki kula, anajibu neno mojamoja, huambiwa amechoka, aachwe apumzike. Huyo ndiye wa kuogopewa zaidi.

Hospitali za huku hutumia kipimo cha 4AT, kama dakika mbili tu: je, yuko macho sawasawa, ataje umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu, ahesabu miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba, na je, amebadilika ghafla? Alama 4 au zaidi ni dalili ya delirium. Wazee wetu huonewa hapo katikati. Aliyezoea miezi ya Kiislamu, Mfungo Mosi na Mfungo Pili, na tarehe yake ya kuzaliwa ilikadiriwa na karani, atakosa hata akiwa mzima. Lakini ukisema "juzi hakuwa hivi", jibu hilo peke yake lina alama 4. Lisemeni.

Nyumbani tunasema malaria imempanda kichwani, au kaingiwa na shetani. Malaria ipimwe, sawa. Ila kwa mzee tazama pia kichomi, maambukizi ya mkojo, kibofu kilichoziba, choo kigumu, upungufu wa maji, na dawa mpya, hasa za usingizi na vile vidonge vya mafua vinavyolegeza mwili.

Tunapowashinda Waingereza ni kwenye uuguzaji. Kwetu ndugu hupokezana: uji, kuogesha, sauti anayoijua. Huku kuna saa na kalenda kubwa ukutani za kumkumbusha mgonjwa siku na wakati, lakini sura zote ngeni, na pengine anahamishwa kitanda usiku wa manane. Kwa maoni yangu saa ya ukutani haimfikii binti wa mgonjwa. Mvalisheni miwani, mwekeeni kifaa cha kusikia, mkalisheni mchana penye mwanga, usiku taa zizimwe.

Na mkimfikisha kwa daktari, semeni alibadilika lini, anakunywa dawa gani zote, hata za mitishamba, na mara ya mwisho kupata choo ilikuwa siku gani.