Mwimbaji Akipotea, Weka Bisibisi Chini

Jumapili moja ya kiangazi, kwenye barabara ya Likasi, mwimbaji alipotea ndani ya gari langu. Magitaa yapo, waitikiaji wapo kwa mbali kama watu waliofungiwa ndani ya pipa, lakini mwenye wimbo wake, kimya. Nikaweka Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wetu wa zamani, zile rekodi zake za 1952 ambazo siendi safari bila kuwa nazo kwenye MP3 yangu ndogo, niliyoiunganisha na redio ya gari kwa waya. Hapo hata gitaa halikutoka.

Kesho yake fundi mmoja wa mtaa wa Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi) alisikiliza nusu dakika, akafuta mikono. “Papa, redio imekufa. Leta dola themanini nikufungie nyingine.” Bisibisi alikuwa nayo mkononi tayari. Nilikataa, wala si kwa ujuzi. Dola themanini sikuwa nazo.

Njiani kurudi nyumbani chaji ya MP3 ikakaribia kuisha, nikaichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Mwimbaji akarudi! Akaja na mbu: sauti nyembamba inayopanda kila nikikanyaga mafuta, inayoshuka nikiachia. Nikasimamisha gari pembeni nikaanza kufikiri.

Ule mchomeko wa AUX, yaani ncha ya waya unaotoka kwenye MP3 kwenda redio, ambao wengi huuita jeki (si jeki ya kuinulia gari), una sehemu tatu: ncha ni upande wa kushoto, pete inayofuata ni kulia, na shina ni masi, yaani njia ya umeme kurudi. Masi ikikosa kugusa, sauti za kushoto na kulia hazina njia ya kurudi ila kupitiana zenyewe, na kila kilicho sawa pande zote mbili kinafutana. Kwa kawaida mwimbaji huwekwa katikati, yaani sawa kushoto na kulia, basi anafutika. Magitaa yaliyosogezwa pembeni yanabaki. Na Mwenda wa 1952, wakati santuri za stereo, zenye sauti tofauti kushoto na kulia, hazijaingia madukani, yuko sawa pande zote, kwa hiyo anamezwa mzimamzima. Chaja iliipa masi njia nyingine kupitia bodi ya gari, ndiyo maana sauti ikarudi, na kelele ya alternata, ile mashine inayozalisha umeme wa gari, ikapanda humo humo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa vumbi. Vumbi letu jekundu la mwezi wa nane lilikuwa limeshindiliwa kwenye tundu la MP3, jeki haifiki mwisho. Nikazima kila kitu, nikalitoa kwa kijiti cha meno, polepole, nikachomeka hadi nikasikia “tik”. Kwa waya ulioanza kuchakaa nilinunua mwingine kwa franka elfu tano. Mbu naye dawa yake ni kuchaji nyumbani kabla ya kuondoka; asiyeweza, kuna kidude cha kuweka katikati ya waya kinachotenganisha masi hizo mbili.

Simlaumu sana yule fundi. Hakuna anayelipwa vizuri kwa kusafisha tundu. Ila ninachokiona mjini hapa ni kwamba tunabomoa dashibodi kabla ya kusikiliza, na muziki wenyewe ulikwisha kutuambia kilichoharibika.

Jirani yangu wa Kampemba naye alitupa kidude chake cha kurushia muziki kwa FM, akisema ni bandia. Huenda, lakini gari lake, kama mengi yanayotufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lilizaliwa Japani, na redio yake inaanzia 76 na kuishia 90 MHz. Yeye alikuwa amekiweka kidude kwenye 101. Wangekutana wapi? Vidude hivyo hurusha kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo mahali pa kukutania ni ukanda mwembamba wa juu kidogo ya 87.5 hadi 90, tena pawe pasipo na stesheni. Aliyefungiwa kile kiboksi cha kushusha masafa kwenye waya wa antena afanye hesabu ya kutoa: kikishusha 20, basi 105 inasomeka 85. Hata hivyo mimi sikipendi kidude hicho. Ukiingia katikati ya mji, stesheni zinakukanyaga.

Bluetooth? Nzuri mpaka simu ya shemeji iingie katikati ya wimbo. Ikigoma kuungana, futa majina ya simu za zamani kwenye redio, uanze upya. Na flashi isiyosomwa mara nyingi imepangwa (“format”) kwa mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao redio haiujui. Ipange upya kwa mfumo uitwao FAT32, ukiwa umehamisha nyimbo kwanza.

Waya bado ndio chaguo langu. Weka sauti ya MP3 juu, kama robo tatu, kisha rekebisha kwa redio. Ukifanya kinyume chake unakuza mivumo tu.

Redio yangu ya zamani ipo mpaka leo. Kila asubuhi nikiwasha gari, mama mmoja wa Kijapani ananijulisha kwa adabu kwamba kadi haijaingizwa, ile ya kulipia barabara kuu za kwao. Yeye sijapata tundu la kumsafishia.