Mbigili Juu ya Kiti

Mtu wa pwani akiambiwa Ham House, jumba la kale la kutembelea, iko ukingoni mwa mto Thames, magharibi mwa London, anauliza saa ya kufungua tu. Mwezi haangalii! Na mto ule, mpaka kule Teddington, juu zaidi ya jumba hilo, unajaa na kupwa kama bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupanda njia ya miguu itokayo Richmond na kuingia hadi maegesho ya ukingoni. Unaliacha gari pakavu, unalikuta linaosha miguu. Basi tazama jedwali la maji kwanza, tiketi baadaye. Au panda basi namba 65 umalizie kwa miguu.

Haya, umefika. Nyumba ya 1610, matofali mekundu, fahari tupu. Ingia ndani: giza! Utadhani LUKU imekwisha. Kumbe mapazia yameshushwa makusudi, maana hariri na vitambaa vya ukutani vikipigwa na mwanga hufifia, na kilichofifia hakirudi. Vitu kama hivyo hupimiwa mwanga wa laksi 50 tu, kipimo cha mwanga hafifu. Simama dakika chache macho yazoee, la sivyo utakuwa umelipia giza.

Begi la mgongoni livae kifuani, usije ukageuka na mtungi wa watu. Viatu vya mchuchumio acha nyumbani: kisigino kile kinashindilia uzito wako wote mahali padogo kuliko kifungo cha shati, na ubao wa kale unabaki na kishimo.

Miguu imechoka? Viti vipo, tena vya kifalme. Ila kwenye nyumba hizi za National Trust, shirika la Uingereza linalotunza majumba ya kale, wana ujanja wao: juu ya kiti wanaweka mbigili kavu au tunda la msonobari. Hakuna kibao, hakuna kufokewa. Kaa basi!

Chini kabisa kuna bafu alilojengewa Elizabeth, Duchess of Lauderdale, bibi mwenye jumba hili, miaka ya 1670. Wewe umebanwa, na bafu lenyewe la kutazama tu.

Nje nako majina matupu. Wana sehemu wanaiita Pori. Pori gani lina ua uliokatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kinyozi, na vibanda vya kupumzikia? Zamani zao, pori lilikuwa hilo. Unaingia Bustani ya Cheri, unapokewa na lavenda. Vuta harufu, usibishane, kisha kimbilia gari. Maji yalianza kujaa ulipokuwa bafuni kwa Bibi.