Jumla ya ELISA haitoshi kuhukumu usafi wa dawa ya kibayolojia

Wafamasia wa Kisumu na Nakuru wakilinganisha trastuzumab (dawa ya saratani ya matiti ambayo yenyewe ni kingamwili, huzalishwa ndani ya seli hai) za watengenezaji tofauti, jambo la kwanza mezani huwa bei, na ni haki. Kila kipimo kinachoongezwa kiwandani hulipiwa, na mzigo humfikia mgonjwa wa Kondele au Molo. Watetezi wa ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili kunasa na kuhesabu protini za uchafu, wana hoja nzuri: ni nafuu, hurudiwa kwa kila bechi, na protini zilizosalia kutoka seli za hamsta zinazozalisha dawa zikiwa chini ya nanogramu 100 kwa miligramu ya dawa, hiyo huhesabiwa kuwa safi.

Ila ELISA hujumlisha tu zile protini ambazo kingamwili zake zinazitambua. Lebrikizumab, dawa nyingine ya aina hiyo, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa pumu, ilikuwa na protini moja ya hamsta, PLBL2, kati ya nanogramu 34 na 328 kwa miligramu. Takriban asilimia 90 ya waliodungwa walitengeneza kingamwili dhidi yake. Tisini kwa mia! Watafiti hawakuona madhara zaidi kwa watu hao, na hilo lisifichwe. Lakini kinga ya watu tisa kati ya kumi iliamshwa na kitu ambacho hakikupaswa kuwa ndani ya chupa, na safari nyingine protini hiyo inaweza kuwa hatari zaidi.

Protini moja ikizidi, humaliza kingamwili zake kwenye kisahani cha kipimo na usomaji hukwama chini. Dalili yake huonekana kwenye uzimuaji: zimua sampuli mara 2, 4, 8, 16, kisha zidisha kila jibu kwa idadi hiyo hiyo. Jibu likiendelea kupanda badala ya kutulia, kuna protini iliyojificha. Hapo ndipo spektrometa ya masi, mashine inayotambua protini moja moja kwa uzito wa vipande vyake, inapohitajika. Dawa yenyewe ni nyingi mno na huufunika uchafu machoni pa mashine, kwa hiyo sampuli humeng'enywa kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, bila protini kukunjuliwa kwanza. Kingamwili ya dawa hubaki karibu nzima, hugandishwa kwa joto, huondolewa kwa mashinepewa (mashine inayozungusha sampuli kwa kasi), na vipande vya uchafu husalia kwenye maji ya juu.

Kuuondoa uchafu huo ni kazi nyingine. Uchafu mwingi hupita kolamu ya Protini A, chujio linaloinasa dawa kiwandani, kwa kuing'ang'ania dawa yenyewe, hivyo kolamu huoshwa kwa chumvi nyingi au arginini kabla dawa haijatolewa kwa asidi. Lipasi, vimeng'enya vinavyovunja mafuta, ndizo sugu: mojawapo, LPLA2, hata chini ya nanogramu 1 kwa miligramu, huweza kuvunja polisobeti, kiambato kinachozuia dawa isigande, na chembe zikaanza kuonekana ndani ya chupa iliyokaa frijini vizuri kabisa.

Hakuna anayedai spektrometa kwa kila bechi. Mnunuzi aombe mambo mawili: matokeo ya uzimuaji, na orodha ya protini kwa majina kutoka bechi za uthibitisho, irudiwe kila mtengenezaji anapobadilisha seli au hatua ya usafishaji. Gharama hiyo hugawanywa kwa maelfu ya chupa.