Class 37: chuma cha 1960 kinachogoma kustaafu

Class 37 ni vichwa vya treni vya dizeli vya Uingereza, English Electric walivitengeneza kuanzia 1960 hadi 1965, jumla 309, na hadi miaka hii vichache bado vinapiga kazi. Mashabiki wa reli wanasema ndo ushahidi kwamba zamani watu walijua kuunda vitu. Mimi nakubali nusu.

Mashine yenyewe haina makuu: injini moja ya silinda 12, hospawa 1,750, inazungusha jenereta, umeme unaenda kwenye mota za ekseli sita, na kwa vile uzito wa tani 100 na ushee umegawanyika kwenye ekseli zote hizo kinapita hata njia dhaifu, leo makaa ya mawe kesho abiria wa West Highland kule Scotland. Sasa cheki ndugu yake Deltic, kampuni ileile miaka ileile, hospawa 3,300 kutoka injini mbili za asili ya boti za kivita, silinda 18 kila moja, London hadi Edinburgh ilikuwa inafyatuka balaa ila injini zake zilitaka kubembelezwa, na vilikuwa 22 tu. HST, treni za dizeli za mwendo kasi, zikaja na mbio zaidi, Januari 1982 Deltic kwisha habari yake.

Ila kudumu siyo ubora peke yake jamani. Ukiwa na ndugu 309 spea hazikosekani, unakata mmoja unaponya wengine. Halafu vingi vilifumuliwa miaka ya 80 vikaundwa upya, kwa hiyo hicho "cha 1960" ndani kina mengi ya juzi. Na kazi zake ndogondogo hakuna aliyeharakisha kuzinunulia kitu kipya. Upande wa mizigo ambako hela ilitoka, Class 66, vichwa vipya vya dizeli, zilianza kuingia 1998 kutoka Canada na 37 zikapungua chapchap (japo madereva nao walilalamikia kelele za hizo 66, kwa hiyo upya nao siyo raha moja kwa moja).

2015 walivirudisha kuvuta abiria pwani ya Cumbria, kaskazini magharibi mwa England, sababu treni zilikuwa haba, wenye kamera wakashangilia, lakini anayewahi shifti hana habari na muungurumo wa injini, anataka kufika. Kwa treni za kukagua reli sioni shida viendelee. Kubeba abiria kila siku na ule moshi, wakati 2018 serikali yenyewe ilisema inataka treni zinazotumia dizeli peke yake ziondoke ifikapo 2040, hapo siungi mkono.