Dizeli si gari la mstaafu

Juzi kwenye kikao cha harusi, hesabu za michango zilipokwisha, jamaa mmoja ninayemheshimu aliangalia gari langu lililoegeshwa nje akaniuliza mbele za watu: "Kaka, umeuza Forester turbo ukachukua dizeli? Ndiyo umestaafu hivyo?" Wakacheka. Nilimjibu kwa kifupi, maana tulikwenda kupanga harusi ya watu, lakini maneno yale yamenikaa. Wala si yake peke yake. Kila penye vijana wanaopenda magari utayasikia: kwamba mwenye mapenzi ya kweli na gari hahesabu lita, na anayehesabu lita ameishiwa hamu. Napinga. Napenda kuendesha gari kuliko karibu kitu kingine chochote ninachofanya, na dizeli ndiyo iliyonirudisha barabarani.

Tutende haki kwanza. Subaru Forester XT ya 2008, ile ya toleo la SH5 yenye injini ya lita mbili na turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa zaidi, ni gari la watu wanaojua. Nguvu farasi 230, tairi zote nne zinasukuma, injini imelazwa chini kiasi kwamba kona unaichukua bodi ikiwa imetulia. Mapenzi ya Subaru ukanda huu yana historia yake: dereva Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, Richard Burns naye akashinda mwaka 2000 kwa Impreza, na waliokuwa watoto wakati ule ndio leo wenye uwezo wa kuagiza gari Japani. Na mlio wa injini ile, sawa, nakubali, dizeli haina na haitakuwa nao.

Lakini tuulizane, gari hilo linaendeshwa wapi? Kwenye foleni ya Kimara hapa Dar asubuhi turbo yangu ilikuwa inakwenda kilomita sita kwa lita, siku nyingine pungufu. Kwao Japani inawekewa petroli ya oktani ya juu, hapa unaweka iliyopo. Matokeo yake gari nililolinunua kwa ajili ya raha likawa linakaa getini. Kwetu ni Mafinga, mbele ya Iringa. Nikawa napanda basi kwenda kuwaona wazazi huku gari la mbio limefunikwa turubai, kwa sababu mafuta ya kwenda na kurudi yalikuwa yanagusa ada ya shule. Hili vijiweni halisemwi, ingawa wengi ndivyo wanavyoishi: turbo ni ya Jumapili, siku nyingine zote ni bodaboda na daladala.

Basi nikachukua Mazda CX-5 ya dizeli, injini ya lita 2.2. Kwenye karatasi imeshindwa, nguvu farasi 175 kwa 230. Ukiishia hapo utadhani nimeshuka daraja. Soma mstari unaofuata, ule wa nguvu ya kuvuta, inayopimwa kwa Nm. Subaru inatoa Nm 319, na inazitoa injini ikifika mizunguko 2,800 kwa dakika. Mazda inatoa Nm 420, na inazitoa kwenye mizunguko 2,000 tu. Nguvu ya kuvuta ni kubwa zaidi, na inakuja mapema zaidi.

Anayejua barabara ya Iringa anajua kipande ninachokisema. Umeshapita Ruaha Mbuyuni, mabanda ya vitunguu yameisha, Kitonga inaanza kupanda. Ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, na mbele yako malori ya Tunduma yenye mizigo ya Zambia na Kongo yamepangana, yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Uko nyuma ya semi, unasubiri. Nafasi halali ya kupita ikipatikana ni fupi. Kwa Subaru yangu ya otomatiki yenye gia nne ilikuwa hivi: unakanyaga, gari linafikiri, gia inashuka, injini inapiga kelele, turbo inajaa, ndipo gari linaruka, na hapo nusu ya nafasi imeshaliwa. Kwa dizeli unagusa pedeli na gari limeshaondoka. Turbo ziko mbili, ndogo inaamka mapema na kubwa inapokea baadaye, kwa hiyo hakuna muda wa kungoja. Unausikia mgongoni, msukumo mzito usio na kelele. Tairi za semi zinapita dirishani moja baada ya nyingine, mshale wa mizunguko haujafika hata 3,000, na umesharudi upande wako kabla ya lori linaloshuka kutokeza kwenye kona. Nikifika Ilula kwenye nyanya huwa natabasamu peke yangu. Nani aseme hiyo si raha?

Barabara zetu ndivyo zilivyo. Hatuna mahali pa kukimbiza injini hadi mizunguko 6,000. Kila kijiji kina kibao cha 50 na askari mwenye tochi kivulini. Mikumi unakwenda taratibu, kibao kinataja faini ya kila mnyama, na hata bila faini hakuna mwenye akili anayetaka kukutana na twiga akiwa kwenye spidi. Safari nzima ni kupunguza na kuongeza: 50, 80, tuta, 80 tena. Nguvu inayohitajika ni ile ya chini, mara kwa mara, kutwa nzima. Ile ya juu ya Subaru ni tamu, lakini utaionja wapi bila kuhatarisha watu?

Wanaodhani dizeli zote ni za kutikisika na kunguruma hawajaliendesha gari hili. Mazda ilipoileta injini hii mwaka 2012 iliteremsha mgandamizo wake hadi 14 kwa 1, chini ya dizeli nyingi za wakati ule, kishindo cha ndani kikapungua, ndiyo maana bloku, yaani mwili wa injini, ni ya aluminiamu nyepesi na injini inapanda hadi mizunguko 5,200 bila kulalamika. Usukani wake nao ni mwepesi na mkweli.

Mafuta: safarini linakwenda kilomita kumi na tano kwa lita. Dar hadi Iringa, karibu kilomita 500, ni lita thelathini na kidogo. Subaru ilitaka hamsini na zaidi. Wala sisemi dizeli ni rahisi sheli. Oktoba 2023 hapa Dar ilikuwa ghali kuliko petroli, ilipita shilingi 3,400 kwa lita. Unafuu uko kwenye lita unazochoma.

Vipuri, ngoma droo.

Wapinzani wa dizeli wana hoja moja ya kweli: injini hii haitaki uzembe. Kwenye ekzosi ina chujio la masizi, DPF. Likijaa, kompyuta inamwaga dizeli ya ziada ili joto lipande na masizi yaungue, na kazi hiyo inataka gari liwe kwenye mwendo kwa robo saa au zaidi. Ukiwa mtu wa safari fupi, Sinza hadi Mwenge na kurudi, unazima gari kazi ikiwa nusu. Dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, na hapo turbo na injini vinaanza kulika. Kama hayo ndiyo maisha yako, usinunue dizeli. Chukua petroli yenye injini ndogo.

Ninachokataa kabisa ni dawa inayouzwa gereji. Taa ya DPF ikiwaka tu, fundi anakwambia, "Bosi, tuling'oe hili dude, linakusumbua bure." Nimeambiwa hivyo mimi mwenyewe kwenye gereji moja hapa mjini, kabla hata hawajachomeka mashine kusoma gari lina nini. Wanalikata, wanatoa chujio la ndani, wanarudishia ganda, wanaidanganya kompyuta, na gari linatoka likitema moshi mweusi. Moshi huo unaishia kwa mama anayekaanga mihogo kituoni, na kwa watoto wa shule wanaosubiri daladala, ambao vifua vyao viko jirani kabisa na bomba. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kinataka salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni, na dizeli safi ndiyo inayoyawezesha machujio kama haya kufanya kazi. Mafuta yamesafishwa, chujio limekuja na gari kutoka Japani, ushuru umelipwa, halafu tunalikata kwa grainda. Hapana, ndugu zangu mafundi. Watoto wale ni wetu.

Na tiba ya kweli si ngumu. Weka oili ya C3 au DL-1, ile isiyoacha majivu mengi, usiweke ya malori eti kwa kuwa yote ni dizeli. Ibadilishe mapema. Kila wiki litoe gari mjini, nenda Bagamoyo urudi, liende bila kusimamasimama.

Ukienda yadi kukagua, kabla ya kuwasha redio na kujaribu viti, chomoa kijiti cha oili. Juu ya alama ya F, ile ya kujaa, kuna alama ya X. Oili ikiwa imefika kwenye X, imechanganyika na dizeli, na muuzaji ana maelezo ya kukupa. Kisha ingiza kidole ndani ya bomba la ekzosi. Gari ambalo DPF yake ni nzima haliachi masizi mazito pale. Kidole kikitoka cheusi tii, chujio limeshang'olewa au limeharibika. Mrudishie funguo, nenda yadi nyingine.