Shangazi, Mwambie Aache Kufukua

Jamani, nani aliyesema bustani ni mapumziko? Mchicha hauna makuu: umwagiliwe, halafu uachwe. Sasa mlete hapo mtoto wa kaka mwenye miaka mitano. Kumwagilia anakumudu, tena kupita kiasi. Kuacha hajui. Mmepanda saa nne asubuhi, saa nne na robo huyo kaja na kijiko cha chai, anafukua. "Shangazi, mbona haijaota?" Itaota vipi na ndiyo kwanza imelowa! Kwa joto la Dar mchicha unachomoza siku ya tatu hadi ya tano, na kimzizi chake ni chembamba kama uzi. Kijiko kikipita tu, kimekatika, mnaanza upya.

Ukimkataza ni kelele. Mpe cha kuchungulia. Glasi moja, tishu iliyolowa, punje tatu za maharage zibanwe kati ya tishu na glasi, azione kwa nje. Mzizi unatoka siku ya pili au ya tatu, na hapo anaweza kuuangalia mara arobaini kwa siku bila kuua kitu. Tishu iwe na unyevu tu. Maji yakituama maharage yanaoza, sebule inanuka, na lawama unazijua zinaangukia wapi.

Halafu mbegu zenyewe! Punje ya mchicha ni ndogo kuliko kichwa cha pini, naye anachota konzi. Zinaota zimebanana kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni: miche inarefuka kutafuta mwanga, shina halina nguvu, kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shina la miche, kinaingia, asubuhi yote imelala chini. Kwa hiyo changanya mbegu kidogo tu, za ncha ya kijiko cha chai, na glasi ya mchanga mkavu, amwage huo mchanga kwa raha zake. Juu fukia nusu sentimita ya udongo, basi. Miche ikifika majani mawili matatu, ipunguzwe, ibaki kila sentimita 5. Kung'oa ndiyo kazi anayoipenda kuliko zote, ila simama hapohapo, maana yeye anang'oa ile minene. Ndiyo inayoshikika!

Kiroba cha kilo 25 kinatosha kwa bustani ya barazani. Kitoboe chini, jaza ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi iliyooza. Iliyooza, nasema. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Iache miezi miwili mitatu kwanza. Muuzaji atakuapia kwamba imeiva. Ingiza mkono katikati ya lundo: ukikuta joto, na pua inawasha, mrudishie. Na gauni la mtoto livuliwe kabla, kwa sababu wifi yako hatauliza habari za samadi, atauliza habari za gauni.

Maji yasimwagwe kwa kopo. Kopo linachimba shimo na mbegu zote zinahamia kona moja. Chukua chupa ya nusu lita, toboa kifuniko matundu saba kwa sindano ya moto (wewe, si yeye), ageuze na kubinya. Chupa mbili asubuhi, na jioni moja kama udongo haunati kidoleni. Akiomba ya nne, mwelekeze kwenye ndala zake, nazo zina kiu.

Vidukari, wale wadudu wadogo wa kufyonza majani, wakijikusanya chini ya majani, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, nyunyiza jioni, kesho yake suuza. Lakini mtoto akisikia sabuni na maji mambo yameharibika: nusu chupa imeshamiminwa, povu limejaa uani, majani yanaungua. Chupa ya sabuni ikae juu ya kabati. Kuku wa jirani weka wavu, kuku haelekezeki.

Wiki ya tatu au ya nne mnavuna. Mkate shina sentimita 10 kutoka chini ili lichipue tena. Mtoto atang'oa na mzizi, akuletee huku anatimua vumbi, umpongeze ukiwa umeuma meno. Linajaa beseni. Mchicha ukiingia sufuriani unanywea, unabaki bakuli moja, naye amekukodolea macho: "Shangazi, mwingine umekula peke yako?"